Akishajua Silabi, Wewe Sogea Pembeni

Wadogo zangu, leo nina maswali mawili, na nayajibu kwa pamoja kwa sababu jibu la moja limo ndani ya lenzake.

Wa kwanza yuko Nachingwea, huku kwetu kusini. Ana mtoto wa kiume wa miaka sita, kamfundisha mwenyewe nyumbani kuanzia a-e-i-o-u mpaka silabi zote, na mtoto anasoma vizuri tu. Shida ni kwamba akiona daftari linatolewa, ghafla anabanwa na haja. Akirudi, kashikwa na usingizi. Wa pili yuko Ruangwa. Naye kamfundisha binti yake nyumbani, umri ni uleule, na wametumia kile kile kijitabu cha silabi cha kununua sokoni. Huyu malalamiko yake ni ya upande wa pili: mtoto anasoma kila kitu. Anasoma gunia, anasoma boksi la kiberiti, anasoma kanga ya shangazi yake huku shangazi anatembea. Juzi kaambiwa aangalie kisamvu jikoni, kisamvu kimeungua, yeye kashika kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. "Dada, nimzuie?"

Usimzuie. Kisamvu kitatwangwa kingine.

Kabla sijafika mbali, niseme moja, maana najua wapo watakaosikia "kufundisha nyumbani" wakadhani ni kumtoa mtoto shule. Kwetu Tanzania Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikia umri aandikishwe na ahudhurie shule mpaka amalize, na ukimficha ndani, mtendaji atakuja kukugongea. Hawa wadogo zangu wawili hawajamficha mtu. Wamewaanzisha watoto kabla ya darasa la kwanza, na wanakusudia kuendelea nao jioni na wakati wa likizo. Hilo nalipigia makofi. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto wamejaa madarasani, na hilo ni jema, ila mwalimu mmoja wa darasa la kwanza hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma peke yake kila siku. Atapata wapi huo muda? Huo muda anao mama, baba, bibi au kaka mkubwa, tena hata robo saa inatosha.

Sasa tuone kilichowatofautisha watoto hawa, maana si akili.

Nilimuuliza wa Nachingwea anieleze kipindi chao kinavyokwenda. Mtoto anaitwa akiwa anacheza. Anakaa mkekani, mama anashika kijiti cha ufagio, anaonyesha: hii nini? Na hii? Jana si uliisoma, leo imekuwaje? Rudia. Soma kwa sauti. Wageni wakija, "Hebu msomee mjomba." Mjomba akitoka, anakuja jirani, naye anasomewa. Mtoto akikosea, wanacheka. Kwa huyu kijana, mdogo wangu, kusoma maana yake ni kuulizwa. Hajawahi hata siku moja kusoma kitu kwa sababu yeye mwenyewe anataka kujua kilichoandikwa. Kila neno alilosoma mama analijua tayari! Ningekuwa mimi ningebanwa na haja mapema zaidi.

Wa Ruangwa yeye anajiona hakufanya chochote. "Mimi nilichoka tu, dada." Ulikuwa msimu wa korosho, asubuhi wako shambani kuokota, jioni wanarudi wamechoka hoi, daftari likakaa juu ya kabati. Mtoto akabaki na bibi yake. Na bibi ana karatasi zake, zile risiti za mzani anazorudi nazo akipeleka korosho ghalani, kazifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho chake. Wino wa kaboni ule wa bluu uliofifia, macho ya bibi hayaushiki tena. Siku moja akamwita mjukuu: njoo uniambie hapa wameandika nini.

Hebu angalia kilichotokea hapo. Mtoto kaishika karatasi karibu na mlango penye mwanga. Kalikuta jina la bibi yake, akalisoma taratibu, bibi akaitika kama ameitwa. Akasoma "kilo". Akasoma namba, bibi akasema ndiyo, hizo hizo. Akafika kwenye neno "makato", akalivunja ma-ka-to, akaliunga, halafu akanyanyua uso: "Bibi, makato ni nini?" Bibi akaanza kueleza makato ni nini. Ukimwuliza mkulima wa korosho wa Ruangwa neno hilo, uwe umekaa na umekula. Ikaeleweka jioni ile kwamba karatasi imebeba habari za nyumbani kwao, tena habari ambazo watu wazima wanazisubiri, na yeye mwenye miaka sita ndiye aliyezitoa. Hakuna aliyempigia makofi, na hakuna aliyemwambia rudia. Bibi alitaka kujua tu.

Kuanzia hapo, mama anasema, mtoto akawa anasoma hata visivyosomeka.

Bibi huyo mwenyewe ni wa kisomo. Wenye umri wangu mtakumbuka tulivyowasikia wazee wetu wakilitaja hilo neno. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wilaya sita zikatakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1971. Mojawapo ilikuwa Masasi, majirani zetu hapo, nyingine zikiwa Mafia, Ukerewe, Tanga, Pare na Kilimanjaro. Baadaye kampeni ikaenea nchi nzima. Watu wakakaa chini ya miembe kusikiliza redio kwa vikundi, "Mtu ni Afya" mwaka 1973, "Chakula ni Uhai" mwaka 1975, na Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa taifa wa kisomo. Mama zetu waliokuwa wanasaini kwa dole gumba wakaanza kuandika majina yao.

Lakini wengi waliofuzu wakaja kusahau. Si kwamba walikuwa wazito, la. Baada ya kile kitabu cha kisomo kuisha, kijijini hapakuwa na kingine cha kusoma. Serikali yenyewe iliiona hatari hiyo, ndiyo maana mwaka 1974 kule Kanda ya Ziwa likaanzishwa gazeti la "Elimu Haina Mwisho" kwa ajili ya hao wasomaji wapya. Kwa hiyo nikisikia mzazi anasema "wangu anajua kusoma, tumemaliza," nawakumbuka wale mabibi. Silabi ni za kuanzia tu. Swali langu kwako ni hili: hapo nyumbani kwako, ukiondoa lile daftari, kuna nini cha kusoma?

Usikimbilie kusema hakuna. Kuna kadi ya kliniki. Kuna kanga, na kanga nakwambia ni shule kamili, kwa sababu jina lake ni fupi, limeandikwa kwa herufi kubwa, na lazima mtoto aulize lina maana gani. (Baadhi hutaeleza, utasema utakuja kujua ukikua.) Kuna majina ya mabasi, kuna mabango ya shule na zahanati, kuna mifuko ya salfa, ingawa hiyo ya salfa mwambie asome kwa mbali asishike. Kuna ujumbe wa simu kutoka kwa shangazi wa Mtwara: kabla hujausoma, mpe yeye auone kwanza. Hii moja inafanya kazi kuliko unavyofikiri, maana atajua habari kabla yako, na mtoto gani hapendi kujua habari kabla ya mama yake?

Na kuna mpira. Akina baba mnaonisoma, hapa pana kazi yenu, ila nianzie kwenye majina ya miji. Mtoto wa Dodoma ana bahati, kapewa mji wa kusoma siku ya kwanza: do-do-ma, amemaliza. Wetu sisi wamepewa "ngwe" na "ngwa". Nachingwea, Ruangwa, hizo ni silabi za mwisho kabisa kwenye kijitabu, na mtoto anakutana nazo kila kibao anachopita. Wengi wanakwama hapo, mzazi anadhani mtoto hajui, kumbe herufi tatu zimebebana kabla ya irabu, hata mkubwa angesita. Ila Mungu si Athumani, tumepewa Namungo. Na-mu-ngo. Tangu timu ya Ruangwa ipande Ligi Kuu mwaka 2019, na msimu wa 2020/21 ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, jina hilo limeandikwa kwenye jezi, kwenye bodaboda, kwenye kuta za maduka. Baba mwenye simu ya kuonea matokeo amwite mtoto amsomee kikosi, jina kwa jina. Akikwama kwenye jina la mchezaji wa nje, acheni, hata mtangazaji hukwama.

Sasa kuna mtego ambao nataka muuone wote wawili. Kiswahili kinasomeka kirahisi mno. Kila herufi ina sauti yake na haigeuki, hivyo mtoto akishazishika silabi anaweza kukusomea gazeti zima kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari na asielewe hata sentensi moja. Watoto wa Uingereza wanateseka miaka kwa sababu maandishi yao hayafuati matamshi. Wetu wanafika kwenye kutamka upesi, nasi tunadhani wamefika kwenye kusoma. Kijana wa Nachingwea, naogopa, ndipo alipo. Anatamka vizuri sana, ila hajaambiwa lolote na alichokitamka.

Utajuaje kama maana inaingia? Usimuulize maswali ya ufahamu, mdogo wangu, hapo utakuwa umerudi kwenye kijiti cha ufagio. Mtazame. Anacheka mahali pa kuchekesha? Anakatisha kusoma ili akuulize kitu? Pale Nachingwea kuna mahali panaitwa Stesheni. Mtoto anayetamka tu atasema ste-she-ni na kuendelea na safari yake. Anayesoma atasimama: "Mama, treni iko wapi?" Akishauliza hilo, jua amevuka.

Na swali hilo lina jibu zuri kuliko hadithi nyingi. Mwambie treni ilikuwepo kweli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuja na mradi wa karanga mwaka 1947, wakachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaleta matrekta, wakafyeka pori, wakajenga reli ya kwenda bandari ya Mtwara. Karanga zikagoma. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na mwanzoni mwa miaka ya sitini reli nayo ikang'olewa. Likabaki jina. Akitaka zaidi, mpeleke kwa babu anayekumbuka wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji na kiongozi wao Samora Machel walipokuwa na kambi yao ya mafunzo hapo hapo Nachingwea. Mtoto aliyesoma kibao kimoja na kupata humo hadithi ya jioni nzima, kesho atakisoma na kingine.

Basi wewe wa Nachingwea, fanya hivi. Kwa wiki mbili weka daftari na kijiti mbali kabisa, na usimwombe asome neno lolote mbele ya mgeni. Badala yake wewe ndiye umsomee. Tafuta hadithi za Abunuwasi, vile vitabu vidogo havina bei kubwa, au za Sungura na Fisi. Soma baada ya chakula, na ukifika pale fisi ameshika mkia wa sungura, jikumbushe una maji jikoni. Kiache kitabu kikiwa wazi, ondoka, na usirudi haraka. Siku ya kwanza huenda atakufuata na kukuvuta kanga. Siku nyingine utarudi umkute ameinama, midomo inachezacheza. Ukimkuta hivyo, nakuomba sana, funga mdomo wako. Usiseme "ehee, kumbe unaweza!" Pita kama hujaona.

Akikosea matamshi, sahihisha pale tu maana inapoharibika. Watoto wetu wa kusini, ambao nyumbani wanasikia Kimwera, Kimakonde au Kiyao, mara nyingi "r" na "l" zinabadilishana viti, na ukisimamisha hadithi kwa kila "l" utaimaliza mwezi ujao. Ila akisoma "mahali" akasema "mahari", hapo sahihisha upesi kabla wazee hawajakaa sawa. Na akitaka kukueleza hadithi kwa Kimwera baada ya kuisoma kwa Kiswahili, msikilize kwa Kimwera. Hilo ndilo jibu la ufahamu, na amelitoa bila kuulizwa.

Kuhusu katuni, najua mnanuna. Mtoto kashika gazeti la vichekesho, mzazi anasema huo ni upuuzi, soma vitabu vya maana. Wengi wa rika langu walionogewa na kusoma walinogewa na "Sani", wakigombania zamu ya kumwona Madenge kafanya utundu gani toleo hili. Waliofika chuo kikuu hawakudhurika. Mwache.

Vitabu vya hadithi nitapata wapi? Hilo mnaniuliza kila mara. Wachapishaji wetu wapo, kama Mkuki na Nyota, au E&D Vision ya mwandishi Elieshi Lema ambaye mwenyewe ameandikia watoto, na ndugu yako akitoka Dar es Salaam mwagize vitabu viwili badala ya biskuti. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia hadithi za Kiswahili zichapishwe na kuzipeleka shuleni, kwa hiyo ukienda kumwandikisha mtoto, uliza kwa heshima kama shule yenu ina vitabu vya hadithi na kama watoto wanaruhusiwa kuvigusa, maana pengine vipo na vimefungiwa kabatini visichafuke. Mwenye simu ya intaneti aitafute African Storybook, ina hadithi nyingi za Kiswahili za picha, za bure, na ziliwekwa ili watu wazisome na wazichape. Ukishuka mjini pita steshenari wakuprintie moja, ikunje katikati, ishone kwa uzi na sindano ya magunia. Mtoto aliyeona kitabu chake kikishonwa halali bila kukisoma.

Na madrasa? Msiifanye mshindani. Mtoto anayekwenda chuoni jioni tayari anajua kukaa, kufuata mstari na kurudia mpaka kitu kikae kichwani. Akichanganya upande wa kuanzia kuandika kwa sababu kule anaanzia kulia, ni jambo la muda tu, usimchape wala usiwagombanishe walimu.

Kuna jambo lingine nimeliona katika maswali yenu haya, na sitaliacha lipite. Binti wa miaka sita ndiye aliyekuwa anaangalia kisamvu. Kijana wa miaka sita ndiye aliyekuwa ameketishwa mkekani na daftari. Ningewauliza mama zao wangeniambia imetokea tu. Inatokea tu hivyo katika nyumba nyingi sana. Binti anasoma kwa kuibia, kati ya ndoo na ndoo, na pengine utamu umemkolea hapo hapo, lakini akifika miaka kumi ndoo zitakuwa nyingi na dakika za kuibia hazitabaki. Wa Ruangwa, mpangie binti yako saa yake, jua likiwa bado lipo, ambayo hatumwi popote, si dukani wala kisimani, na ndani ya nyumba kila mtu aijue. Wa Nachingwea, kijana wako mpe kazi za mikono kama watoto wengine. Kusoma kukiwa ndiyo kazi yake peke yake, atakutoroka kama watu wanavyotoroka kazi.

Mwisho ni hofu ya wa Ruangwa: Januari binti anaanza darasa la kwanza, wenzake wataanza na irabu, yeye anasoma gazeti la maandazi. Atachoka, au atajivuna. Mdogo wangu, nenda umwone mwalimu wiki ya kwanza, asubuhi kabla ya vipindi, na usiende na maringo ya "mwanangu anajua yote." Kwanza hajui yote. Kuandika hajakomaa, hesabu hujaniambia lolote, na kukaa na wenzake arobaini akisubiri zamu yake ni somo ambalo bibi hakumfundisha. Mweleze mwalimu kwamba mtoto ameshaanza kusoma, na umwombe akimaliza kazi yake aruhusiwe kushika kitabu cha hadithi akae nacho kimya, au amsaidie aliye jirani. Walimu wengi watafurahi kupata msaidizi. Akikuambia haiwezekani, usibishane naye, mtoto akirudi jioni bibi bado ana mfuko wake wa karatasi, na msimu huu risiti zimeongezeka.